Ifundishe Pampu Kuzima Kwanza

Septemba iliyopita, baada ya kumaliza field, nilibaki na wiki tano nyumbani Dodoma kabla chuo hakijafungua. Kila asubuhi saa 11 nilikuwa naamshwa na mlio wa ndoo. Ni mdogo wangu wa kiume, kidato cha pili, anachota maji kwenye pipa na kumwagilia bustani ya mama: mchicha, chainizi na matembele, matuta sita. Karibu ndoo nne asubuhi, karibu ndoo nne jioni. Akimaliza anaoga harakaharaka, anakimbia shule, na mara nyingi anafika kengele imeshalia. Nilimuuliza kwa nini asiache zamu ya asubuhi. Akanijibu, "Dada, nikiacha, saa 4 mchicha umeshalala. Mama atauza nini?"

Sikuwa na jibu. Mtihani wa taifa wa kidato cha pili hufanyika Novemba, na mvua za Dodoma kwa kawaida husubiri Desemba. Kwa hiyo miezi ambayo anatakiwa kusoma sana ndiyo hiyohiyo bustani inakunywa sana. Nikasema basi, mimi nasoma ualimu wa Fizikia na Hisabati, pampu ndogo ya kujiendesha hainishindi.

Ilinishinda siku ya kwanza. Nitaeleza namna ya kuiunda, lakini nitaeleza pia pale nilipoanguka, kwa sababu video nyingi nilizoangalia zinakufundisha pampu iwake vipi. Kuzima zinakuachia mwenyewe.

Anza na hesabu ya maji, siyo na vifaa

Kosa la wengi ni kukimbilia duka la vifaa vya umeme. Kwanza jua bustani inahitaji maji kiasi gani. Kuna kanuni rahisi ya kukumbuka: milimita 1 ya maji juu ya mita mraba 1 ni lita 1 kamili. Mboga za majani kwenye jua kali na ukavu kama wa kwetu, ukizipa milimita 5 hivi kwa siku, zinakwenda vizuri. Hizo ni lita 5 kwa kila mita mraba.

Matuta yetu sita kila moja lina upana wa mita 1 na urefu wa mita 5. Jumla mita mraba 30. Zidisha kwa 5, unapata lita 150 kwa siku, yaani lita 75 asubuhi na 75 jioni. Ukigawa kwa ndoo ya lita 20 unaona kumbe dogo alikuwa hakosei: ndoo nne kasoro kidogo kila zamu. Alipima kwa macho, mimi nikapima kwa kalamu, tukakutana palepale.

Halafu angalia maji yenyewe yanatoka wapi. Kwetu bomba hutoka kwa mgao, siku mbili kwa wiki. Maji yanaingia kwenye tenki la lita 1,000, na kutoka hapo mtu anafungua koki kujaza pipa la lita 200 lililo karibu na bustani. Tenki hilohilo ndilo la kupikia, kufulia na kuoga. Hii taarifa iweke akilini, tutarudi kwake.

Pampu: usiamini namba ya kwenye boksi

Nilichagua pampu ndogo ya kuzamishwa ndani ya maji, ya volti 12. Umeme wa ukutani ni volti 230, na ukichanganya huo na maji, watoto na waya wa kuunga uliotambaa chini ya mchicha, unatafuta msiba. Volti 12 inatosha na mtu akigusa hafi.

Pampu yangu imeandikwa lita 800 kwa saa. Usifurahi. Hiyo namba ni pale pampu inapotoa maji bila kupandisha popote na bila mpira mrefu mbele yake. Ile namba nyingine ya urefu inaoweza kupandisha maji ni pale ambapo yakifika juu hayatoki tena. Maisha halisi yapo katikati.

Kwa hiyo pima mwenyewe. Mimi nilimimina maji kwenye pipa ndoo moja moja, na kila ndoo nikachora mstari kwa rangi ndani ya pipa. Mistari kumi, kila mmoja lita 20. Kisha nikaunganisha mipira yote kama itakavyokaa bustanini, ikiwa na vitundu vyake kwenye kila tuta, nikawasha pampu na kushika saa. Maji yalishuka mstari mmoja kwa dakika 4. Hiyo ni lita 5 kwa dakika, au lita 300 kwa saa, chini ya nusu ya ahadi ya boksi. Lita 75 zikawa ni dakika 15. Safi.

Ubongo na mkono

Anayeamua lini pampu iwake ni Arduino Uno, kile kibao kidogo cha bluu ambacho wenzetu wa kozi za uhandisi wanakichezea maabara. Kibao hiki hakiwezi kuwasha pampu moja kwa moja. Pini yake moja inafaa kutoa milliampea 20 hivi, wakati pampu yangu ni ya wati 18 kwa volti 12, yaani ampea 1.5. Ukiiunga moja kwa moja unaunguza kibao. Kwa hiyo katikati unaweka rilei, ambayo ni swichi inayobonyezwa na umeme mdogo ili kufungua njia ya umeme mkubwa. Arduino ni ubongo, rilei ni mkono.

Arduino peke yake haina saa ya ukutani. Inahesabu muda tangu ilipowashwa, basi. Umeme ukikatika na kurudi, inaanza upya na kudhani ndiyo kwanza kumekucha. Ndiyo maana utaongeza kijisaa cha DS3231 chenye betri yake ndogo kama ya saa ya mkono, ambacho kinakumbuka saa hata kila kitu kikizimika. Nikapanga pampu iwake saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, dakika 15 kila zamu, muda ambao jua halina nguvu na maji mengi hayapotei hewani.

Jumatano jioni nikamwita mama na dogo. Saa 12 kamili, tak! Rilei ikalia, maji yakatoka kwenye vitundu vyote. Dogo akapiga makofi. Baada ya dakika 15, tak! nyingine, pampu ikanyamaza. Tukaingia ndani kula.

Pampu ilizimika, maji hayakuzimika

Alfajiri mama alitoka nje akakanyaga tope. Tuta la chini lilikuwa bwawa, mchicha umelala kwenye maji. Pipa lilikuwa tupu hadi usawa wa pampu. Na kwa sababu ilikuwa siku moja kabla ya mgao, tenki nalo lilikuwa limebaki tope la chini. Yale ya kwenye pipa ndiyo yalikuwa maji yetu ya mwisho.

Halafu, kabla sijaelewa kitu, ikafika saa 12. Tak! Pampu ikawaka ndani ya pipa tupu, na mimi nimesimama namtazama mama. Nilipokumbuka kuchomoa waya ilishapita kama robo saa. Pampu za namna hii hupozwa na kulainishwa na maji yenyewe. Ilikuwa ya moto, na haikuwaka tena.

Mama hakunigombeza. Alichukua madumu mawili kwenda kununua maji kwa jirani, na akasema kitu kimoja tu: "Mdogo wako akimaliza kumwagilia, huwa anaweka ndoo chini."

Nini kilitokea? Mpira ulipanda kutoka chini ya pipa, ukapita juu ya mdomo wake, ukashuka hadi bustanini. Pampu ilipoujaza maji, ikatengenezeka sifoni. Ni kilekile mafundi wanachofanya kuhamisha mafuta kwa mpira: wakishavuta mara ya kwanza, mafuta yanajiendea yenyewe mradi mdomo wa kutokea uko chini kuliko usawa wa mafuta. Pampu yangu ilifanya kazi ya kuvuta mara ya kwanza. Ilipozima, maji yalipita katikati yake kama hayaioni, yakaendelea usiku kucha.

Kinachoniuma ni kwamba sifoni niliifundisha kwenye field. Nilichora mchoro ubaoni, nikaweka mishale, nikauliza maswali, wanafunzi wakajibu vizuri. Nyumbani mchoro ule ulisimama mbele yangu ukiwa na pipa la kweli na sikuutambua.

Vizuizi vitano

Niliponunua pampu ya pili nilibadilisha swali. Badala ya kujiuliza "iwake lini", nikajiuliza "ni kitu gani kitaizima kama mimi sipo na kitu fulani kimeharibika?" Majibu yalikuwa matano.

Cha kwanza ni tundu la hewa. Kwenye mpira, pale juu kabisa unapokunja kuvuka mdomo wa pipa, toboa tundu la milimita 3. Liwe juu ya usawa wa maji hata pipa likijaa, na lielekee ndani ili maji yanayoruka yarudi pipani. Pampu ikizima, hewa inaingia hapo, mnyororo wa maji unakatika, sifoni inakufa. Utapoteza nguvu kidogo: kwangu mstari mmoja ukawa dakika 4 na nusu, kwa hiyo dakika 15 zikawa 17. Ni gharama ndogo sana kwa usingizi.

Cha pili ni swichi ya boya. Ni kiboya kidogo kinachoelea, maji yakishuka kinashuka nacho na kukata umeme. Nilikifunga kwenye mstari wa pili wa pipa, yaani lita 40. Maji yaliyo chini ya hapo si ya bustani, ni ya nyumba. Angalia jambo moja: viboya vidogo haviwezi kubeba umeme wa pampu. Kipitishie waya unaoipa rilei umeme wake. Kiboya kikikata, mkono unakosa nguvu, hata kama ubongo umechanganyikiwa na unapiga kelele "washa".

Cha tatu ni upande sahihi wa rilei. Rilei ina matundu matatu ya skrubu: la katikati, moja ambalo kwa kawaida liko wazi, na moja ambalo kwa kawaida limefungwa. Tumia la katikati na lile lililo wazi. Hapo rilei ikikosa umeme pampu inakaa imezima. Ukikosea upande, kila itilafu inakuwa amri ya kumwaga maji.

Cha nne ni kikomo ndani ya programu. Hiki kinahusu kihisi unyevu, ambacho niliongeza baada ya wiki moja. Saa peke yake haijui kama jana ilinyesha, kihisi kinajua. Chukua cha aina isiyogusisha chuma na udongo, kwa sababu vile vya vijiti viwili vya chuma huliwa na umeme na kutu vikiachwa vinafanya kazi muda wote. Sehemu ya juu yenye vifaa nilipaka rangi ya kucha tabaka mbili maji yasiingie.

Arduino inasoma kihisi kwa namba kati ya 0 na 1023. Usinakili namba za mtu mwingine. Kichomeke kwenye udongo mkavu wa bustani yako, andika. Mwagilia hadi uloane, andika tena. Kwangu mkavu ulitoa 610 hivi, uliolowa 290. Nikachagua 450 kuwa mpaka: ikifika saa ya zamu na namba iko juu ya hapo, mwagilia, chini ya hapo acha.

Sasa fikiria kuku amefukua na kuking'oa kihisi. Kiko hewani, kinasema "kavu, kavu, kavu". Programu inayosema "mwagilia hadi udongo ulowe" itamwaga pipa lote. Kwa hiyo yangu inasema: kila zamu mwisho dakika 17, udongo uwe mkavu au usiwe. Na namba ikitoka nje kabisa ya kile ninachokijua, tuseme juu ya 700 au chini ya 200, hiyo si habari ya udongo, ni habari ya waya. Isiwashe, ila iwashe taa nyekundu ili mtu aje aangalie.

Cha tano ndicho nakipenda zaidi, na hakikunigharimu hata shilingi. Mwanzoni nilitaka niunge pampu moja kwa moja kwenye tenki kubwa ili mtu asiguse chochote. Nikaacha. Pipa limebaki katikati, na koki ya kulijaza inafunguliwa kwa mkono. Vizuizi vingine vyote vikifeli kwa pamoja, mashine haiwezi kumwaga zaidi ya pipa moja. Tenki la mama haliioni.

Ongeza fyuzi ya ampea 3 karibu kabisa na ncha ya chanya ya betri, maana betri ndogo nayo waya zikigusana inaweza kuwasha moto.

Umeme: ubongo unakula kuliko mkono

Hapa nilipata mshangao. Pampu inakula ampea 1.5 kwa nusu saa na kidogo kwa siku, jumla ni kama ampea-saa 0.85. Arduino Uno inakula milliampea 50 hivi tu, lakini saa 24. Piga hesabu: ni ampea-saa 1.2. Kale kataa kanakomeremeta kanakula kuliko pampu!

Ukijumlisha ni kama ampea-saa 2 kwa siku. Betri ya volti 12 ya ampea-saa 7, zile nyeusi za kwenye vifaa vya kuhifadhi umeme wa kompyuta, haifai kushushwa chini ya nusu kila mara, kwa hiyo inakuvusha siku moja na nusu hivi bila jua. Paneli ya sola ya wati 10 na chaji kontrola yake inairudisha kila siku, jua la Dodoma halina ubahili. Vifaa vyote, ukitoa betri na paneli ambavyo tulikuwa navyo nyumbani, na ukitoa pampu niliyoiua, vilinigharimu kama laki moja na nusu, akiba ya bumu. Kwa bajeti ndogo zaidi anza na saa, rilei, tundu la hewa na kiboya. Kihisi kinaweza kusubiri bumu lijalo. Kiboya hakisubiri.

Jaribio kabla ya kuondoka

Nilirudi chuo Oktoba. Dogo sasa anajaza pipa mara moja kwa siku akitoka shule, na kila jioni anapita kwenye matuta kuangalia vitundu vilivyoziba na wadudu chini ya majani, kwa sababu mashine haioni wadudu. Sitakudanganya kwamba amekuwa wa kwanza darasani. Ninachokijua ni kwamba anaamka saa 12 badala ya saa 11, na anafika kabla ya kengele. Muda wa jioni anagawana kati ya daftari na mpira wa miguu, na mimi sijamuuliza kwa uwiano gani.

Ukitaka kuunda ya kwenu, fanya jaribio hili kabla hujapanda basi. Jaza pipa hadi juu kabisa, maana sifoni inapata nguvu zaidi pipa likijaa. Washa pampu, iache imalize zamu yake, isikie ikizima. Usiingie ndani kula. Nenda bustanini, chuchumaa kwenye tuta la chini kabisa, angalia kitundu cha mwisho cha mpira kwa dakika kumi. Kisha rudia, safari hii ukiwa umechomoa kihisi. Rudia tena ukiwa umekishikilia kiboya chini kwa mkono. Kila mara angalia kitundu kilekile.

Kikikauka mara zote tatu, nenda kapande basi.